Mkono wa Nyapara

Mimi mzee anayecheka sana simwamini. Mtu amekaa duniani miaka sabini na kitu, amezika ndugu, amenyeshewa, amegombana na nusu ya kata, halafu ukimpitia saa moja asubuhi unamkuta kwa stuli nje ya nyumba anakuchekea utadhani amepokea barua nzuri. Mtu wa namna hiyo kuna kitu anaficha. Ndivyo nilivyojiambia kila siku nilipompita Nyapara nikienda shuleni kufundisha, pale chini ya Kapsoit, na mimi nilijua anachoficha ni nini. Alikuwa anaficha jiwe.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Pasta akimwombea alisema Nyapara. Mkewe, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, akimkaripia alisema Nyapara. Kampuni ya chai ilikuwa imemstaafisha zamani, ikampa blanketi na redio, naye akaja kukaa kwenye shamba lake dogo na ng'ombe wawili na kipande chake cha chai, ambacho alikikagua kila asubuhi ingawa hakuna mkubwa aliyekuja kumuuliza.

Mama yangu na mimi tulimjua alipokuwa na nguvu. Mama alitoka upande wa ziwa akiwa msichana, akamfuata mume aliyekuwa na kazi kiwandani, na mume alipokufa akabaki anachuna majani ili tusitolewe kwenye laini, zile nyumba za kampuni zilizopangwa mstari. Ukiwa na kazi una nyumba. Ukikosa kazi, beba sufuria zako uende. Na kazi ya mama ilikuwa mkononi mwa Nyapara.

Huo mkono nauandika kwanza kwa sababu ndio niliouogopa. Saa za kupima, wanawake walipanga foleni mbele ya kibanda cha mzani, vikapu mgongoni, aproni za nailoni zikidondosha maji. Nyapara alikuja nyuma yako na koti lake refu, akasema, "Simama." Ukasimama wima, ukatazama mbele, naye akaingiza mkono ndani ya kikapu mpaka chini kabisa, mpaka kwapani. Hakuangalia ndani hata siku moja. Aliangalia mawingu. Majani yaliyokomaa aliyajua kwa vidole, na yaliyoloweshwa maji makusudi, na vijiti. Akipata kitu kibaya aliinamisha kikapu, akamwaga yote chini, na asubuhi yako ikaishia hapo. Asipopata alitoa mkono, akaupangusa kwa koti, akasema neno moja tu, "Safi." Halafu akamgeukia karani wa mzani: "Mpimie." Mama alikuwa akisema kuna wanawake waliolisikia neno hilo hata usingizini.

Alikuwa na misemo yake, na sisi watoto wa laini tulimwigiza. Shina la chai halina likizo. Mvua ni ya Mungu, matope ni yako. Jani haliongopi. Huu wa mwisho aliupenda sana, na kila alipousema alikutazama wewe usoni, kana kwamba amekwisha kujua nani kati yenu wawili anayeongopa.

Na kichwa chake, jamani. Makarani waliandika, yeye hakuandika kitu. Kosa lako la leo aliliweka kichwani, akalikunja vizuri, akalitoa baada ya miaka mitano likiwa bado jipya. Angemwambia mama wa watu mbele ya foleni nzima, "Wewe, mwaka ule kifungua mimba wako anaota meno, uliniletea vijiti." Na ilikuwa kweli. Wema wa mtu haukukaa hapo. Mama alichuna pale miaka tisa, mikono miwili kwa pamoja, kushoto na kulia, na Nyapara hakuwahi kumwambia kwamba ana mikono mizuri. Hata nyumbani kwake alikuwa hivyo hivyo. Ndugu yake wa tumbo moja alichukua mtamba wake akamtunzie, ilivyo desturi ya watu wa huko kuwekeana ng'ombe, na mtamba akarudi anakohoa. Nyapara hakumsemesha huyo ndugu kwa miaka zaidi ya ishirini. Walipita barabara moja kwenda kanisa moja.

Sasa nifike kwa jiwe, ndipo mtu ajue kwa nini nilikuwa simpumzishi mzee wa watu.

Kwenye kile kibanda cha mzani kulikuwa na rundo la magunia matupu, na juu ya magunia kulikaa jiwe bapa, jekundu kidogo, ukubwa wa ngumi, ili upepo usiyapeperushe. Nyapara mwenyewe ndiye aliyeliweka kila asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, shule zimefungwa, nikimsaidia mama, na nililiona kwa macho yangu. Siku hiyo upepo ulikuwa mwingi, watu wanaharakisha, magunia yanavutwa huku na huku. Mchana ikaja habari kutoka kiwandani kwamba jiwe limeingia kwenye mashine ya kukatia majani, meno yamevunjika, kazi imesimama. Meneja akashuka na gari, uso umeiva. Akauliza ni jiwe la nani. Ilikuwa lazima mtu ajibu, na aliyeulizwa ni Nyapara.

Nyapara akaangalia foleni ya wanawake. Akamwonyesha mama kwa fimbo. Akasema huyu ndiye aliyeliweka kwa kikapu ili kiwe kizito kwa mzani.

Mama akamwambia, bila kupiga kelele, "Mzee, hilo ni jiwe lako la magunia."

Yeye akaangalia mawingu.

Jioni sufuria zetu zilikuwa nje. Tukahamia Chepilat, mama akachuna kwenye vishamba vya watu, na jina likatufuata. Kwenye kila kituo cha kuuzia majani kulikuwa na mtu aliyewahi kufanya kazi kwa kampuni. Wakamwita Mama Jiwe. Walicheka wakisema, lakini kikapu chake walikikagua mara mbili. Mama, aliyekuwa anaimba sauti ya kwanza kanisani, akaanza kukaa viti vya nyuma. Mimi nilikulia ndani ya jina hilo, na mkinisikia nina maneno makali kidogo, mjue yalikonolewa.

Miaka ikaenda, nikawa mwalimu, nikahamishiwa shule iliyo karibu na Kapsoit, nikamleta mama tukae naye kwa sababu kifua kilianza kumsumbua. Wiki ya kwanza tu nikaona nani jirani. Nilirudi nikamwambia mama, nikitegemea atatukana. Akaendelea kuchambua mboga. Halafu akasema, "Sitaki kitu chake. Nataka aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba kikapu changu kilikuwa safi. Nisizikwe na lile jina, Akinyi."

Basi. Hiyo ndiyo kazi aliyonipa, na mimi kazi ya mama siifanyi nusu.

Nilienda mara ya kwanza nimejiandaa kwa vita. Nilijitambulisha, nikamtaja mama. Mzee akapiga paja. Mama Akinyi! Yule wa sauti! Akaanza kuimba palepale kwa stuli, wimbo ambao mama alikuwa anauanzisha wanapochuna, na maneno ya kwetu akayasema sawasawa, yeye ambaye Kiswahili chenyewe kilimgeuka mdomoni. Akanieleza mikono ya mama, kushoto na kulia kwa pamoja. Akasema hakuwahi kuona mchunaji kama yule. Nikawaza, kumbe uliiona. Nikamuuliza, na waliachana vipi kazini? Akatabasamu. "Alienda," akasema. "Watu huenda." Akamwita Kogo alete chai.

Sikukubali. Nani angekubali? Nikarudi na mitego. Nilimtajia mwanamke mmoja aliyemfukuza kwa kupigana na mwenzake na ufito. Akakumbuka jinsi alivyopika omena. Nilimtajia mwanamume aliyeshikwa na kuni za kampuni. Akakumbuka alivyokuwa na mbio siku za michezo. Wote waliofukuzwa, waliomwagiwa vikapu, aliowatukania mama zao, wamekuwa malaika. Nikafikiri labda akili imeoza tu, ni uzee. Nikampima kama ninavyompima mtoto wa darasa la nne. Nikamuuliza shamba lipi lilipandwa kwanza, na mistari gani ilichomwa na baridi mwaka ule wa ukame. Akajibu bila kusita, akaongeza na jina la mbwa wa meneja. Sasa niambie, kichwa kinachokumbuka jina la mbwa kitamsahauje mjane aliyetolewa nje na watoto? Nikajiambia, huyu mzee ni mjanja kuliko nilivyodhani. Amefunika mabaya yake yote kwa sukari.

Lakini Kogo naye alikuwa na malalamiko yake, na Kogo hakuwa na sababu ya kumtetea. Aliniambia yule ndugu wa mtamba alikuja kwenye mazishi ya jirani, na Nyapara akaenda akamkumbatia mbele ya watu wote, akamuuliza habari ya mtamba, kwa upendo kabisa. Yule ndugu alifikiri anadhihakiwa, karibu waanze upya. "Hata mimi nilifikiri ananicheza," Kogo akasema. "Nilimkumbusha siku alinipiga na kibuyu ya maziwa, nikiwa na mimba. Unajua alinijibu nini? Ati, wewe Kogo, maziwa yako ilikuwa tamu sana." Aliniangalia nimuonee huruma. "Mwalimu, mimi nimemngoja huyu mtu miaka arubaini aseme pole. Sasa amekuwa mzuri na hajui pole ni ya nini."

Nilicheka, halafu nikaona vibaya. Kumbe si sisi peke yetu tulioshika foleni.

Kitu kimoja kilikuwa hakijabadilika, Kogo alinionyesha kwa kidole. Akirudi sokoni na kikapu, kabla hajakiweka chini, mzee huinuka kwa stuli, anaingiza mkono mpaka chini ya vitunguu na nyanya, anaangalia juu, anautoa. Halafu anakaa. Siku ya mavuno kanisani, watu wakileta mahindi na ndizi madhabahuni, alisimama akaingiza mkono kwa kila kikapu kilichopita karibu naye, na wazee wa kanisa wakanong'onezana kwamba amekuwa mlafi. Ukimuuliza anatafuta nini, anaangalia mkono wake na kucheka.

Nilimuuliza daktari wa zahanati yetu, kijana mpole asiyependa kubishana. Nilimweleza kama habari ya mtu nisiyemjua. Akasema ubongo wa kijana ukionyeshwa nyoka na ua, unakimbilia nyoka. Kuna sehemu ndani kule inayoshtuka, na inachoshtukia ndicho kinachokwama. Kwa wazee wengi sehemu hiyo hupoa. Wanaona ubaya kama kawaida, ila hauwashtui tena sana, basi haushiki. Na wakikaa kukumbuka ya zamani, mkono wao huenda kwa matamu kwanza. Akasema si ugonjwa na wala si ujanja. Nikamuuliza, kwa hiyo Mungu amempa msamaha kabla hajaomba? Daktari akasema hayo ni ya pasta, yeye ni wa vidonge.

Nami sikumwamini daktari. Hata aliposema si ujanja, nilisikia tu watu wawili wameungana, yeye na mzee.

Niseme na hili, kwa sababu sitaki kumsingizia mtu. Huyu Nyapara, zamani hizohizo za ukali, siku moja barafu ilianguka kwenye chai mpaka chini kukawa kweupe. Wanawake walikimbia kujificha chini ya mashina. Mama alikuwa na ndugu yangu mchanga mgongoni. Nyapara alitoka kibandani, akavua koti, akawafunika mama na mtoto, akasimama juu yao na shati tu, akipigwa na barafu kichwani, mpaka ikaisha. Kesho yake alimwaga kikapu cha mama kwa sababu majani yalikuwa yamechanika. Yalichanwa na barafu, na yeye alijua. Mtu kama huyo utamweka fungu gani? Mimi nilimweka fungu la waovu, nikaacha koti nje ya hesabu.

Jambo ambalo sikutaka kuliona lilikuwa nyumbani kwangu. Mama alikuwa anabadilika. Mwaka wa kwanza akizungumza habari za laini, ilikuwa ni jiwe. Mwaka wa pili ilikuwa jiwe, lakini baada ya habari ya harusi ya jirani yetu wa chumba cha tatu. Kisha ikawa jinsi moshi wa jikoni ulivyonukia asubuhi, na wimbo, na jinsi wanawake walivyocheka mmoja wao alipoteleza. Nilimrekebisha. Kila Jumapili tukitoka kanisani nilimkumbusha: fimbo, meneja, sufuria nje, Mama Jiwe. Alisema, "Ndiyo, ndiyo," na uso wake ukashuka, na mimi nikaridhika. Haki ya Mungu, niliridhika. Nilidhani namlindia kitu chake.

Ile mvua kubwa ya El Niño ilipoisha, Nyapara aliugua kifua akalazwa, wakasema harudi. Akarudi. Kanisa likapanga sala ya shukrani nyumbani kwake Jumamosi, na nikasikia wachunaji wa zamani wanakuja, hata kutoka Sigowet. Nikaona hiyo ndiyo siku. Watu wako, mzee yuko, mama bado yuko. Kama hasemi leo, hasemi.

Na hapa ndipo nilipofanya nililolifanya. Mama aliandaa kikapu cha kumpelekea mgonjwa: sukari, mkate, majani chai, sabuni. Asubuhi hiyo nilishuka mtoni nyuma ya shule nikatafuta jiwe. Nilichagua sana. Bapa, jekundu kidogo, ukubwa wa ngumi. Mama alipoenda kujifunga leso nikaliweka chini kabisa ya kikapu, nikapanga vitu juu. Niliwaza hivi: mzee ataingiza mkono, maana hawezi kujizuia. Atakutana na jiwe, tena kwa kikapu cha mama, mbele ya watu. Mdomo unaweza kudanganya, lakini mkono ukishtuka uso utafuata, na mimi nitakuwa nimesimama pale namtazama. Sikufikiria zaidi ya hapo. Kikapu nilikibeba mimi mpaka mlangoni ili mama asihisi uzito.

Watu walijaa. Wanawake wanne niliowakumbuka wa foleni ile ya zamani walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamezeeka, na mmoja wao aliponiona na mama akamnong'oneza mwenzake, sikuhitaji kusikia. Pasta aliomba, tukaimba, chai ikaja. Nyapara alikuwa amekonda, blanketi la kampuni mabegani. Alipomwona mama alifungua mikono yote miwili.

"Mama Akinyi. Barafu," akasema.

Mama akaanza kucheka. Wakaanza, wale wawili, mmoja akisema na mwingine akimalizia: jinsi chini kulivyokuwa kweupe, jinsi mtoto alivyotaka kula ile barafu, jinsi Nyapara alivyovimba kichwa wiki nzima akakataa kuvua kofia hata kanisani. Mama alijua habari ya kofia! Mimi hajawahi kunieleza. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika, na mama alikuwa na uso ambao sikuuona tangu nikiwa mdogo, na badala ya kufurahi nilikasirika. Nilimwona anaibiwa mara ya pili, na safari hii anamsaidia mwizi kubeba.

Nikasimama. Nilisema kwa heshima, lakini nilisema kwa sauti. "Mzee, kwa vile tuko wote hapa. Lile jiwe lililovunja mashine. Lilikuwa la nani?"

Wale wanne wa benchi wakaangalia vikombe vyao. Nyapara alinitazama vizuri, anatafuta, naona kabisa anatafuta, na hakuna anachopata. "Jiwe gani, mwalimu?"

Nikamgeukia mama anisaidie. Mama alikuwa ananitazama kwa mshangao, hata kwa aibu kidogo, jinsi mzazi anavyomtazama mtoto aliyeharibu shughuli ya watu.

"Jiwe gani, Akinyi?" akasema.

Sijui mtu hukaa namna gani baada ya hapo. Mimi nilikaa. Miaka ishirini na zaidi nimebeba mzigo wa watu wawili, na wenyewe wameuweka chini kando ya njia, hawakuniambia. Nilitamani kulia na nilitamani kumtikisa mama, yote mawili, na sikufanya lolote kwa sababu pasta alikuwa ananiangalia.

Mama, kuondoa aibu, akainuka, akachukua kikapu pale mlangoni akampelekea mgonjwa. Nilikuwa nimelisahau jiwe. Nilikumbuka alipokuwa amefika katikati ya nyumba, na nikafungua mdomo, lakini ningesema nini? Subiri mama, nimekutilia jiwe kwa kikapu?

Nyapara aliona kikapu kinakuja. Blanketi likaanguka. Akasimama, yeye ambaye asubuhi alishikwa na watu wawili, akasema ile sauti ya zamani, kavu: "Simama."

Mama akasimama. Hivi ndivyo ninavyokumbuka: mgongo wake uliopinda ulinyooka, kidevu kikainuka, akatazama mbele, ukutani. Wale wanne wa benchi nao walinyooka wakiwa wameketi. Mzee akaingiza mkono. Ulipita mkate, ukapita sukari, ukaenda mpaka chini, mpaka kwapani, na macho yake yalikuwa juu, kwenye mabati. Halafu mkono ukasimama.

Ulilipata. Mimi nilikuwa hatua mbili tu, na nililiona bega lake likigota. Shingo ya mama ilikuwa inapiga, haraka, kama ya kuku aliyeshikwa, na yeye mwenyewe nadhani hakujua kwa nini. Uso wa mzee ukapoteza kicheko. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie Kapsoit nilimwona Nyapara, yule wa kibanda cha mzani. Aliteremsha macho kutoka kwenye mabati, na hakumtazama mama. Alinitazama mimi. Nikawa na miaka kumi na moja, nikajua ninachofanya wakati huo: nimemwekea mama yangu jiwe kwenye kikapu, na sasa litatolewa mbele ya watu.

Akautoa mkono. Ulikuwa mtupu. Akaupangusa kwa shati polepole, mbele na nyuma.

"Safi," akasema. Akawageukia watu, na akasema kwa nguvu, akihema, "Hii kikapu iko safi. Huyu mama, kikapu yake ni safi siku zote. Mpimie."

Mama aliweka mikono usoni akalia. Alilia kwa sauti, watu wakaja kumshika, wakimuuliza ni nini, naye akawaambia hajui, hajui, ni furaha tu. Yule wa benchi aliyenong'ona alikuja akamfuta machozi kwa leso yake mwenyewe. Nyapara alikuwa amekwisha kukaa chini, anacheka, anauliza kama chai imebaki.

Kogo alipeleka kikapu jikoni, akakirudisha na mayai na chupa ya mursik, maziwa yao ya kugandisha, kwa maana kikapu cha mgeni hakirudi kitupu. Nilikipokea nje, nikaingiza mkono mpaka chini. Hakukuwa na kitu. Njiani mama alitembea mbele yangu, haraka, bila kukohoa. Aligeuka mara moja tu. "Umesikia alivyosema?" akaniuliza. Nikasema nimesikia. "Mbele ya watu," akasema, akaendelea kutembea. Kama alikumbuka au hakukumbuka sikumuuliza, na Jumapili iliyofuata tulipotoka kanisani sikumkumbusha chochote. Alizikwa mwaka uliofuata, na wanawake waliokuja kuimba walimwita Mama Akinyi.

Wiki ile baada ya sala nilimpita Nyapara asubuhi. Alikuwa kwa stuli yake, na mbele yake Kogo alikuwa ametandaza magunia ya kuanikia mahindi, mahindi yenyewe bado hajayaleta. Juu ya magunia kulikuwa na jiwe bapa, jekundu kidogo. Nilisimama nikalitazama, halafu nikamtazama yeye. Alinichekea na meno yake yaliyobaki.

"Ni upepo, mwalimu," akasema, na mimi sikuwa nimemuuliza.

Nikamsalimia kwa lugha yake, chamgei, nikaenda. Nilikuwa nimechelewa kengele.